Lipia Utulivu, Si Mbio: Kupanga Nusu Siku ya Boti Naivasha Ukitokea Kibirichia

Viazi vikishatoka shambani na mweka hazina wa chama akasoma hesabu, Kibirichia huwa na swali linalozua kelele kuliko mengine: safari ya mwaka huu ni ya wapi? Wanyama wa nchi kavu si wageni kwetu. Lewa ni jirani, na tembo wanaopanda na kushuka kati ya nyanda hizo na Mlima Kenya wana njia yao inayopita chini ya barabara ya Meru na Nanyuki tangu 2011. Tusichokuwa nacho ni maji mapana. Mito yetu ni myembamba na ya baridi, inakimbia kuelekea Ewaso Nyiro, na haina mahali pa mtu kukaa chomboni akazungukwa na mafunjo na ndege.

Ndiyo maana video za jamaa walioko Florida husambaa haraka kwenye makundi ya WhatsApp: boti bapa, rafadha kubwa ya upepo imefungwa nyuma, nayo inateleza juu ya nyasi na maji yasiyofika magotini. Watu huuliza ya namna hiyo inapatikana wapi hapa Kenya. Jibu ni kwamba huna haja nayo. Boti ya upepo ilishika katika kinamasi cha Everglades kwa sababu maji ya huko ni mafupi mno na nyasi ni nyingi, na injini ya kawaida ingenasa papo hapo. Malipo yake ni kelele. Abiria huvaa vifuniko vya masikio, na ndege wengi hutoweka kabla mtu hajainua simu apige picha. Chombo chenyewe hakina breki wala gia ya kurudi nyuma. Hata ndani ya Mbuga ya Taifa ya Everglades, iliyofunguliwa 1947, boti hizo zimewekewa mipaka. Maziwa yetu ya Bonde la Ufa yanaibeba vizuri boti ya kawaida yenye injini ndogo ya nyuma, na injini hiyo ikipunguzwa mnaweza kuongea bila kupaza sauti.

Ushauri wangu wote umesimama hapo. Unapolipia nusu siku ya boti, unanunua macho na subira ya nahodha, yule ambaye wenyeji wengi humwita kepteni. Boti iendayo mbio hukuonyesha maji tu. Basi kila uamuzi, kuanzia ziwa, saa ya kuondoka, idadi ya watu hadi namna ya kulipa, ufanywe kwa kusudi la kumpa kepteni nafasi ya kwenda polepole.

Chagua ziwa kwanza

Kutoka kwetu kuna maziwa matatu ya kufikiria. La karibu zaidi ni Ol Bolossat, katika Kaunti ya Nyandarua, hapo chini ya Nyahururu. Lina viboko na korongo taji, yule ndege mwenye shada la manyoya ya dhahabu kichwani, lakini halijajengewa biashara ya boti kama mengine. Lifanye kituo cha kunyoosha miguu njiani, usilifanye mwisho wa safari.

La pili ni Baringo. Lina mabaharia hodari, mamba, viboko na ndege wengi mno, na mpenda ndege asiyejali jua atalipenda kuliko lolote. Tatizo ni kwamba liko karibu mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari, joto lake ni kali na malaria ipo. Mtu aliyelelewa kwenye baridi ya Kibirichia hana kinga ya maana dhidi ya malaria. Akienda Baringo, amwone daktari mapema kuhusu dawa za kuzuia, alale ndani ya chandarua na avae mikono mirefu jioni.

La tatu, na ndilo ninalopendekeza kwa safari ya kwanza, ni Naivasha. Liko juu, karibu mita 1,890, na usiku wake una baridi tunayoijua. Maji yake si ya chumvi kama ya Nakuru, Elmenteita au Bogoria, kwa kuwa yanayoingia kutoka mito ya Malewa na Gilgil hupata njia ya kupenya chini ya ardhi yakatoka. Kwa ajili hiyo kuna samaki, mafunjo, viboko na kwazi, yule tai mweupe kichwani anayeishi kwa kuvua. Kenya iliandikisha ziwa hili chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mnamo 1995. Halina mamba. Mabaharia wake wamezoea kubeba familia, makanisa, shule na vyama.

Jambo moja la kujua kabla ya kufunga mizigo: ziwa hili hupanda na kushuka. Mnamo 2020 maji yalipanda hadi yakaingia katika makazi ya mtaa wa Kihoto, na 2025 watu wa mtaa huohuo walihamishwa tena na mafuriko. Kituo cha kupandia boti alichokitumia rafiki yako miaka mitatu iliyopita huenda leo kiko majini. Usitegemee maelezo ya zamani. Piga simu wiki ya safari yenyewe, uulize boti zinaondokea wapi na kama gugu maji limeziba upande huo.

Siku na saa

Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Juni hadi Septemba, nje ya mvua kubwa. Anayependa ndege achague kati ya Oktoba na mwanzo wa Aprili, wakati wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wanapoongezeka kwa wenyeji. Mvua za vuli zitamnyeshea siku moja moja, na ndege wanastahili usumbufu huo.

Kama kazi inaruhusu, nenda katikati ya wiki. Naivasha iko umbali wa kama kilomita 90 kutoka Nairobi, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili jiji huhamia huko, vyumba hupanda bei na boti hupakia na kushusha bila kupumua. Kepteni mwenye foleni ya wateja ufukweni hawezi kukupa subira hata ukimlipa. Tazama pia tarehe ya mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyorejea kwenye michuano ya dunia 2021 na kuifanya Naivasha kitovu chake. Wiki hiyo ni ya wapenda magari. Wa viboko wasubiri.

Saa ni muhimu kuliko siku. Muwe majini saa moja asubuhi. Wakati huo ziwa limetulia, viboko wamerudi punde kutoka malishoni na wanatafuta nafasi zao, ndege wanavua, na mwanga unawafaa wapiga picha. Kuanzia adhuhuri upepo huamka, na mchana mawimbi huweza kupiga boti ndogo kwa nguvu ya kumtisha asiyezoea. Nusu siku ipangwe hivi: saa mbili au tatu za kuzunguka kwenye kingo za ziwa, saa moja na nusu ya kutembea kwa miguu Crescent Island, kisha kurudi ufukweni kabla au karibu na saa sita. Mtu akikuuzia safari ya saa tisa alasiri kwa bei nafuu, jua unafuu huo umetoka wapi.

Hayo yanamaanisha lazima mlale Naivasha usiku wa kuamkia safari. Kwa gari la kukodi, njia ya Timau, Nanyuki, Nyeri, Ndaragwa, Nyahururu hadi Gilgil itawachukua saa sita au saba pamoja na kusimama. Kwa matatu, wengi hupitia Nairobi: kutoka Meru hadi jijini, kisha magari ya Naivasha, kisha gari dogo la kuifuata Moi South Lake Road hadi Karagita au Kamere. Atakayewaambia mtaondoka Kibirichia usiku wa manane mkafike alfajiri na kupanda boti moja kwa moja anawatakia usingizi ziwani, mbali na kumkesheza dereva ambaye bado ana safari ya kuwarudisha.

Mtu wa kushika usukani

Ufukweni mtapokelewa na vijana kadhaa kwa mpigo, kila mmoja ana boti bora kuliko ya mwenzake. Wengi wao ni madalali. Si watu wabaya, ila mtu mnayetaka kuongea naye ni yule atakayeshika injini. Mwombe aje. Salimianeni, muulizeni ametoka wapi na amefanya kazi hiyo kwa muda gani, kisha mtupieni maswali matatu.

La kwanza: "Kepteni, boti yako imeruhusiwa kubeba watu wangapi?" Atoe idadi bila kusita, na awe tayari kuonyesha karatasi. Mamlaka ya Bahari ya Kenya ndiyo inayokagua vyombo hivi, na boti halali ina cheti na idadi ya abiria iliyoandikwa. Akisema, "Mko wangapi?" badala ya kujibu, amekwisha kujibu.

La pili: "Tukikuta viboko, utatufikisha karibu kiasi gani?" Akiwaambia, "Karibu kabisa, mama, mpaka mhesabu meno," mshukuruni na mwende kwa mwingine. Kepteni mzuri atasema inategemea: kama wana watoto, kama maji ni mafupi, kama dume limeanza kugeuka.

La tatu: "Upepo ukianza tukiwa katikati, tutakimbilia wapi?" Aliyezaliwa kwenye ziwa atakuonyesha kwa kidole kingo mbili tatu za kujikinga. Anayesema upepo hauji leo hajui, au hataki kujua.

Halafu tazama chombo chenyewe kabla ya kutoa hata shilingi. Je, jaketi za kuokolea zipo kwa kila kichwa, na vifungo vyake vinafunga? Kuna kasia, kwa siku injini itakapogoma? Kuna kopo la kutolea maji? Petroli imejaa? Injini ya nyuma hunaswa na gugu maji mara kwa mara, na hilo si balaa: kepteni huinua injini, huchomoa mizizi kwa mkono, akaendelea. Balaa ni kutokuwa na kasia wakati huo huku upepo unawasukuma kuelekea mafunjo ambamo hujui kilicholala.

Kama kundi ni kubwa, gaweni watu katika boti mbili badala ya kubanana katika moja hadi kikomo. Boti yenye nafasi huinuka vizuri majini, kila mtu huona upande wake, na hakuna anayesimama ili atazame juu ya bega la mwenzake. Ongezeko la gharama hapo ndilo la maana kuliko yote mtakayolipa siku hiyo.

Maneno ya bei

Bei za ziwani hubadilika kwa msimu, kwa petroli na kwa sura ya mteja, kwa hiyo sitakupa tarakimu itakayokudanganya mwezi ujao. Nitakupa namna ya kuuliza. Uliza kama bei ni ya boti nzima au ya kila kichwa, ni ya saa moja au ya safari yote, na kama kungoja mkiwa kisiwani kunahesabiwa. Uliza kiingilio cha Crescent Island peke yake, kwani kisiwa ni mali ya watu binafsi na hulipiwa mbali na boti. Uliza watoto wanalipa nini. Kisha mwombe aandike hayo yote katika ujumbe wa simu kabla ya kutuma pesa.

Afadhali kununua saa tatu za polepole kuliko saa moja ya kuzungushwa. Mwambie waziwazi: "Hatutaki kuliona ziwa lote. Tupeleke sehemu chache, tukae." Hapo unampunguzia petroli, naye ana sababu ya kukupunguzia bei au kukuongezea muda. Malipo ya awali yasizidi nusu, yaende kwa mtu ambaye jina lake kwenye M-Pesa linalingana na mliyezungumza naye, na salio litolewe mkiwa mmesimama tena kwenye nchi kavu. Bakshishi si lazima. Lakini kama aliona jambo ambalo ninyi msingeliona, mpeni mkononi, yeye mwenyewe, bila kupitia kwa dalali.

Nguo na mizigo

Mtu wa Kibirichia hahitaji kufundishwa sweta. Saa moja asubuhi majini kuna baridi, na sweta litafaa. Anachosahau ni jua. Kufikia saa tatu mwanga hutoka juu na pia hurudi kutoka majini, na uso huungua hata kukiwa na mawingu. Kofia yenye kamba ya kidevuni, miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi vinatosha.

Gambuti ziacheni nyumbani. Shambani ni mali, lakini mtu akianguka majini hujaa maji na kumlemea. Vaeni raba nyepesi au ndara zenye mkanda wa nyuma. Jaketi ya kuokolea huvaliwa juu ya kila kitu, koti likiwa ndani, nayo hufungwa tangu kupanda hadi kushuka. Kuikalia au kuitundika begani hakumsaidii mtu. Ajali haimpi nafasi ya kuvaa. Wengi wetu tumekulia kwenye vijito vya kuvuka kwa mawe na hatujui kuogelea, na hilo halizuii safari. Linazuia tu ubishi kuhusu jaketi.

Simu ziwe na kamba ya shingoni. Bebeni darubini hata moja ya kupokezana, kwa sababu itabadilisha safari kuliko kamera yoyote. Maji ya kunywa yawe kwenye chupa za kujaza tena. Kama mtaunganisha safari na mbuga jirani ya Hell's Gate, chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa tangu Juni 2020, na mtazuiwa langoni.

Wazee wapande kwanza na waketi katikati, karibu na nyuma, ambako boti hairuki sana. Watoto wakae kati ya watu wazima. Jaketi ya mtoto ipimwe hivi: mwinue kwa mabega ya jaketi, ikimpita masikioni, ni kubwa na haitamshika. Ikikosekana ya saizi yake, mtoto huyo abaki ufukweni na mtu mzima mmoja. Ni uamuzi mchungu kwa mtoto aliyesafiri kutwa nzima, ndiyo sababu huulizwa kwa simu wiki moja kabla.

Viboko

Kila mtu anataka viboko, na kila mtu anaulizia hatari yao. Tuanze na mnyama mwenyewe. Dume hupita tani moja na nusu. Mchana hukaa majini kuilinda ngozi yake na jua. Usiku hutoka kula nyasi. Huweza kuzama kwa kama dakika tano bila kupumua. Haogelei kama mbwa; hutembea, na hata kukimbia, juu ya sakafu ya ziwa. Kwa hiyo uliyemwona pale si lazima atokee pale.

Kepteni anayejua kazi hulikaribia kundi kwa ubavu, injini ikinguruma kidogo tu ili wanyama wajue yuko wapi, na huacha maji ya kina wazi upande mmoja wapate pa kukimbilia. Hapiti kati yao na kina. Hapiti kati ya mama na mtoto. Hazimi injini kabisa karibu nao, kwani itakapohitajika haitangoja. Mkiona masikio, macho na pua juu ya maji, mko karibu vya kutosha. Dume likipanua kinywa hadi mwisho, msifurahie kwamba linapiga miayo: linawaonyesha silaha. Mstari wa mapovu unaokuja upande wenu ni habari ya kumwambia kepteni mara moja, kwa sauti ya chini na kidole.

Kazi yenu abiria ni ndogo lakini haina mjadala. Msisimame. Msihamie wote upande mmoja. Msipige kelele za kumwamsha mnyama ainue kichwa kwa ajili ya picha. Na msimshawishi kepteni. Yeye anawategemea ninyi kwa bakshishi, na maneno "sogea kidogo tu, kepteni" kutoka kwa mzee wa kundi ni mzigo mzito kwa kijana wa kazi. Mwenyekiti wa chama awaambie watu wake mapema kwamba neno la kepteni kuhusu umbali ni la mwisho.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba hatari kubwa huwangoja ufukweni zaidi ya botini. Mnamo Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko ukingoni mwa ziwa hili, akipiga picha. Kiboko aliye nchi kavu akihisi amezibiwa njia ya kurudi majini hushambulia, na si rahisi mtu kumshinda mbio. Mkilala karibu na maji, jua likizama msitembee kwenye nyasi za ufukweni, hata kama mlinzi wa hoteli anapita hapo kila siku. Asubuhi, kabla ya kupanda boti, tembeeni pamoja na wenyeji kwenye njia iliyo wazi, si kupitia mafunjo kwa kufuata njia ya mkato.

Ndege, samaki na maswali

Viboko wakishaonekana, wengi hudhani safari imekwisha. Hapo ndipo saa tatu za polepole zinapoanza kulipa. Maji yalipopanda yaliua migunga mingi ya njano ya ukingoni, na miti hiyo ingali imesimama majini, mikavu. Mnandi hukaa matawini akianika mabawa. Mdiria mweusi kwa mweupe husimama hewani akipiga mabawa kabla ya kudondoka majini kichwa kwanza. Mwari huvua kwa makundi. Yangeyange hunyemelea kwenye kina kifupi. Mwombeni kepteni apunguze mwendo na akae mbali na visiki vilivyozama, kwa sababu hivyo huweza kutoboa boti au kuvunja rafadha.

Kepteni huenda akawauliza kama mnataka kumwona kwazi akivua. Atachukua samaki mdogo, amtie kipande cha tete ili aelee, apige mluzi na kumrusha. Tai hushuka kutoka mtini, huchukua kwa kucha na kupaa bila kulowa tumbo. Inapendeza, na wapiga picha huipenda. Shauri langu ni moja: samaki mmoja, mara moja. Ndege anayelishwa na kila boti hujifunza kufuata injini, na kama ana kiota, kila mluzi humwondoa humo. Aliyekosa picha atazame za mwenzake.

Tumieni pia muda huo kumuuliza kepteni habari za maji yenyewe. Sisi wa Kibirichia tunajua ugomvi wa mabomba na mifereji: aliye juu akinywesha viazi vyake kupita kiasi, wa bondeni hupata mchanga. Naivasha ina hadithi hiyohiyo kwa kipimo kikubwa, kati ya wakulima wa juu kwenye Malewa, mashamba ya maua yanayozunguka ziwa, wavuvi na mji. Kuna pia habari ya wageni wa majini. Samaki wa Marekani wa kuvuliwa kwa ndoana aliletwa huku 1929. Kamba wa maji baridi wa Louisiana aliletwa 1970, na yungiyungi za buluu zilizokuwa zikifunika kingo zilipungua sana baada ya hapo. Mvuvi aliyeishi kwenye ziwa hili atawaambia alichokiona yeye mwenyewe kikija na kikiondoka. Kundi la wakulima lina maswali ambayo mtalii wa kawaida hana. Yaulizeni.

Kutembea kisiwani

Crescent Island ni ukingo wa volkeno ya kale uliojitokeza juu ya maji kwa umbo la mwezi mchanga. Thamani yake kwa watu wetu ni kwamba mnashuka na kutembea kwa miguu kati ya twiga, pundamilia, nyumbu, kuro na swala, kwa kuwa hakuna simba. Kwa wazee ambao wamezoea kumtazama mnyama kwa dirisha la gari, hilo ni jambo.

Hata hivyo kisiwa si ua la nyumbani. Msimfuate twiga mwenye ndama, msimtie pundamilia pembeni, na mkae mbali na majani marefu ya ukingoni ambako kiboko huweza kupumzika. Mkubaliane na kepteni saa ya kurudi na mahali, na mwandike namba yake kwenye simu mbili tofauti. Wasioweza kutembea sana wakae kivulini karibu na gati. Ikifika saa tano na nusu, anzeni kurudi hata kama kuna anayetaka picha moja zaidi. Upepo haungoji chama.

Baada ya kushuka

Mkishuka, kuleni. Samaki wa kukaanga wa Kamere au Karagita kwa ugali na sukuma, mbele ya ziwa mlilotoka, ni chakula halali kwa siku hiyo. Mlipe salio la kepteni kabla ya kuagiza, ili asiwakodolee macho mkila.

Kabla ya gari kuondoka, mweka hazina na watu wawili watatu wakae dakika kumi waandike mambo manne: jina la kazi la kepteni na namba yake, bei halisi mliyolipa ikiwa imegawanywa kwa boti, kiingilio na muda, kituo boti ilipoondokea, na nani kati yenu aliyeugua kwa mawimbi au aliyekosa jaketi ya saizi yake. Karatasi hiyo ni ya chama kitakachofuata, cha shule au cha kanisa, kitakachokuja kuuliza.

Na kepteni akiwa amewafaa, mwambieni alichofanya vizuri, kwa maneno ya wazi: kwamba alikataa kusogea kwa viboko, kwamba alizungusha boti mzee apate kuona. Ufukweni kila siku anasikia wateja wakimsifu mwenzake aliyekwenda mbio na kukaribia zaidi. Akisikia kutoka kwenu kwamba kuna watu waliotoka Meru kulipia utulivu na watawaleta wengine, kesho atakuwa na sababu ya kumkatalia mteja anayemwambia asogee.